Nyuso Mbili Mbele ya Ziwa

Sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya wasichana wawili wasio na nyuso. Wamesimama ufukweni hapahapa Gisenyi, wameshikana mikono, ziwa nyuma yao linang'aa kama bati jipya, na wao wenyewe ni weusi tititi kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kama waliokatwa kwa mkasi kwenye karatasi ya kaboni. Mmoja ni nyanya yangu, mama yake mama, anayeishi nasi. Mwingine ni dada yake wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ambaye sisi watoto tunamwita Nyanya Mkubwa. Yupi ni yupi, hakuna anayejua. Wao wenyewe walikuwa wanagombana.

"Huyu wa shingo ndefu njo mi," Nyanya Mkubwa alikuwa anasema kila akivuka mpaka kuja kututembelea.

"Shingo ndefu? We, yaya? Toka lini?" nyanya anamjibu, maana kwao yaya ni dada mkubwa. "We ni huyu wa pembeni, mwenye kusimama kama mufuko ya makala."

Shingo ndefu au gunia la makaa, hiyo ndiyo ilikuwa picha yao pekee ya pamoja. Za kwenye simu zilikuwepo, lakini simu ya mama ilitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea karoti ikafa nazo, na hata zilipokuwepo nyanya hakuzihesabu. Kwake picha ni karatasi. Ya simu anasema ni ya kuazima.

Naandika haya kwa Kiswahili cha baba yangu, aliyekulia Tanzania. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda. Nyanya akichangamka, au akikasirika, anahamia Kiswahili cha Goma, na sisi wote tunamfuata huko kama tunavyoweza. Mimi huwafuata kwa masikio tu. Mimi ni mtu wa haya. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, ndivyo nilivyo. Dukani namwonyesha muuzaji kwa kidole. Wageni wakija, chai nawapelekea nikiwa tayari nimegeuka kurudi jikoni. Kwa hiyo likizo kubwa ilipofika, na kituo cha vijana kilipotangaza masomo ya kamera, mama aliniandikisha. Si kwa sababu napenda picha. Ni kwa sababu alichoka kunijibia watu.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Goma, mpiga picha wa harusi, ambaye alivuka kila asubuhi kwenye bariyeri ndogo ya mpakani pamoja na wafanyabiashara wa mboga na mayai. Tulimwita Madame. Siku ya kwanza hatukugusa kamera. Alisimama mbele yetu, ameiweka yake mkononi imefunikwa kifuniko cha lenzi.

"Bon," akasema. "Ku mbele ya yote, mushike hii moja. Ukikaribia bariyeri, kamera inafunga macho. Ukiona askari, kamera inafunga macho. Ukisahau, mi siko mama yako, sitakuja kukutoa."

Darasa likacheka, ila tulielewa. Mtoto wa mpakani anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Kisha akatufundisha tundu la lenzi, ambalo yeye aliliita diaphragme. Alitupanga wawili wawili, tutazamane machoni, huku yeye anafungua na kufunga mlango wa ukumbi. Mwanga ukiingia, mboni ya mwenzako inajikunja na kuwa ndogo. Giza likirudi, inafunguka. Lenzi nayo hufanya hivyohivyo, alisema, ila wewe ndiye unayeiamuru. Halafu kila mtu achore alichokiona.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Kanama mwenye macho makubwa yasiyopepesa. Nilijaribu. Kila nilipoinua uso nilimkuta ananitazama, nami niliinama kutazama viatu vyangu. Mwishowe niliomba ruhusa ya kwenda msalani. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo, mpole, hana haraka. Nikamchungulia kwenye kivuli, nikamvuta kamba mpaka juani, nikamchungulia tena. Nikarudi nikachora.

Madame alipita meza kwa meza. Kwangu akasimama. Nilikuwa nimechora mboni iliyolala kama mkato wa kisu.

"Na huyu? Ulitazama jicho ya nani?"

"Ya mbuzi, Madame."

Nilitamani sakafu inimeze. Darasa zima lilicheka mpaka wengine wakagonga meza. Lakini Madame aliinua karatasi yangu kwenye mwanga akaitazama vizuri. "Lakini imechorwa sawa," akasema. "Mbuzi alifunga, mbuzi akafungua. Somo liliingia. Kesho utatafuta mutu." Mpaka leo namshukuru kwa hilo la "imechorwa sawa".

Ndivyo tulivyojifunza. Kasi ya shata, kile kilango cha ndani ya kamera, tulijifunza barabarani, kwa pikipiki za abiria: ukifungua na kufunga haraka, pikipiki inaganda na hata herufi za kwenye fulana ya dereva unazisoma; ukichelewa, inakuwa uzi mwekundu uliovutwa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, alitueleza kwa mfano wa redio. "Ukiwa mbali na Goma, redio haisikike vizuri, unapandisha sauti. Utasikia, ndiyo, lakini na makelele nayo inapanda. ISO iko vile. Pandisha pale unakosa njia ingine." Vitu vitatu, basi: tundu, kasi, sauti ya redio. Kimoja ukikigusa, vingine viwili vinalalamika.

Nilivipenda. Niligundua kwamba mtu akiwa nyuma ya kamera haulizwi maswali. Shida ilikuja Madame aliposema tulete nyuso. Nilileta picha, tena nyingi, na mwanga wake haukuwa mbaya. Alizipanga mezani. Mama ameinama kwenye karoti zake, kwa nyuma. Dereva wa pikipiki, kwa nyuma. Wanawake wa Busasamana wanashuka na viazi kichwani, kwa nyuma.

"Mwanga iko muzuri," akasema Madame. "Lakini hawa batu wote wanakukimbia?"

Wakacheka tena. Baadaye tulipokuwa tunapanga viti, akanijia, akashika upande wa pili wa benchi nililokuwa nalivuta. "Mi pia niko na haya," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa kila mariage natetemeka mupaka leo. Lakini batu wamevaa, wanangojea, jua inaenda. Utafanya nini? Unasema: sogea. Sauti itatetemeka, na wao watasogea tu."

Wiki hiyohiyo mama alirudi kutoka ng'ambo na habari. Watoto wa Nyanya Mkubwa walikuwa wamekaa wakaamua mama yao ahamie kwa kaka yao mkubwa, Lubumbashi. Goma maisha yalikuwa yamebana, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kuishi peke yake. Huko kwenda ni kwa ndege. Kurudi, kwa umri wake na magoti yake, hakuna aliyeongea habari ya kurudi. Jumapili angevuka kuja kutuaga, kisha wiki hiyo asafiri.

Nyanya hakulia. Alisimama akaichukua ile picha kabatini, akaipangusa kioo kwa pembe ya kitenge chake.

"Ataenda na sura yake yote," akasema. "Mi nitabaki na hii. Nitaonyesha batu nini? Huyu makala hapa ni yaya yangu?"

Ndipo akanigeukia mimi, niliyekuwa najifanya nachagua maharage.

"We. Kila siku unaenda kwa ile masomo. Jumapili utatupiga. Tuonekane sura."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Kesho yake nilimpelekea Madame ile picha, nimeifunga kwenye taulo. Alipoiona alipiga makofi.

"Hii njo ugonjwa ya Gisenyi! Kila mutu anakuja hapa, anataka ziwa nyuma yake. Na saa gani? Saa ya jioni, jua iko juu ya maji. Donc ziwa inawaka, na sura iko kwa kivuli."

Akatuita wote. Akatueleza kwamba kamera ina akili moja tu: inataka kila kitu kiwe kijivu, rangi ya jiwe la volkano. Ukiielekeza kwenye kitu cheusi, inakipaka weupe mpaka kiwe kijivu. Ukiielekeza kwenye ziwa linalowaka, inashtuka, inazima mwanga mpaka maji yawe kijivu, na waliosimama mbele yake wanazama gizani. Kamera haina kosa. Haijui kwamba umekuja kwa ajili ya watu.

"Sasa utafanya nini? Unaenda karibu. Karibu kabisa, sura ijaze kioo, ziwa isionekane. Pale unasoma mwanga kwa ile sindano ya ndani ya kioo. Na ngozi yetu haiko jiwe, ni nyeusi zaidi, sindano unaiacha chini kidogo ya katikati. Kiisha unarudi nyuma, na hugusi kitu. Kamera italalamika. Iache ilalamike."

Tulifanya mazoezi wawili wawili. Msichana wa Kanama alinijia na kamera mpaka nikasikia pumzi yake, akasoma, akarudi, akanipiga, na nikatoka vizuri, macho yamefumba. Zamu yangu ilipofika niliomba kuanza na dumu la maji. Nyumbani, kwa kamera ya kituo niliyoazimwa jioni moja, nilifanya kwenye kabichi, nikaiweka juu ya ukuta na ziwa kwa mbali nyuma yake. Kabichi ilitoka na mishipa yake yote.

"Sura, mutoto," Madame alisema alipoiona. "Kabichi haiendi Lubumbashi." Lakini kamera alinipa, siku mbili nzima, nikalale nayo.

Jumapili nyanya alitoka kanisani amevaa kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Nyanya Mkubwa, aliyeolewa na Mwislamu na kusilimu tangu ujana, alifika na mtandio mweupe, na chini yake kitenge kilekile cha manjano, ndege walewale. Walikinunua pamoja zamani wakagawana. Cha nyanya kilikuwa kimefuliwa mpaka ndege wamebaki vivuli. Cha dada yake kilikuwa kipya kama cha dukani.

"We ulikuwa unaweka ku sanduku?" nyanya aliuliza.

"Nilikuwa nangojea picha," dada yake akajibu.

Walikula, wakaongea, wakasinzia kidogo mmoja akiegemea mwenzake, na hakuna aliyethubutu kuwaamsha. Ndiyo maana tulifika ufukweni jua likiwa tayari limeshuka upande wa maji. Nyanya alikwenda moja kwa moja mahali alipopataka, karibu na mitende, ziwa nyuma. Mahali palepale pa zamani. Dada yake akajipanga kando yake, wakashikana mikono. Moyoni nilijua kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nikainua kamera nikapiga hivyohivyo.

Mama akaja kuchungulia kwenye kioo cha nyuma. Akasema polepole, "Wamekuwa makaa tena."

Nyanya Mkubwa alitaka kuona. Alicheka mpaka mtandio ukateleza. "Ee! Toka busichana mupaka buzee, Gisenyi inanipaka masizi!"

Nyanya hakucheka. Alimuuliza mama ni saa ngapi. Bariyeri haimngojei mtu.

Karibu yetu kulikuwa na vijana wamekaa kwenye ukingo wanakula mahindi ya kuchoma. Mmoja akapaza sauti, "Kamera kubwa, picha usiku!" Mwenzake akasema, "Wageuze, dada! Wageuze waangalie ziwa!"

Mama akawageuza. Jua likawapiga usoni, na macho ya nyanya, ambayo ni mabovu, yakaanza kutiririka. Na nyuma yao sasa kulikuwa na barabara na pikipiki, ambazo nyanya huziita moto, zimepangwa.

"Hii ni picha ya wapi?" nyanya akauliza, anajifuta. "Ya parking ya moto? Hapana. Ziwa."

Wakarudi walipokuwa. Nikabaki nimesimama na kamera shingoni. Nilijua cha kufanya, hatua kwa hatua. Na sikuweza. Kwetu mtoto akimpa mkubwa kitu anakitoa kwa mikono miwili na ameinama kidogo. Hamsogelei mzee uso kwa uso. Hamkodolei macho. Na mimi nilitakiwa niende nimwelekezee mashine puani, mbele ya wale vijana na mahindi yao.

Nyanya Mkubwa ndiye aliyeniona. Aliachia mkono wa nyanya, akaniita kwa vidole, kama anavyoita kuku.

"Kuya hapa. Unaogopa nini? Mi siume. Na meno yenyewe ya kuuma iko wapi?"

Nikasema, na kweli sauti ilitetemeka, "Nyanya Mkubwa, nisamehe. Nitakuja karibu sana. Ni kwa ajili ya mwanga."

"Karibu ya kiasi gani?"

"Kama ya kukunong'oneza."

"Basi kuya uninong'oneze."

Nikaenda. Uso wake ukajaa kioo chote, ziwa likapotea. Sikuwahi kumtazama mtu hivyo. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na sikujua kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi, wala kwamba nywele zinazotoka chini ya mtandio ni nyekundu kidogo, wala kwamba akitulia midomo yake inakaa kama ya mama yangu. Alinukia sabuni na tangawizi. Hakupepesa. Alinitazama ndani ya lenzi kwa upole, kama mtu anayemngojea mtoto amalize kufunga kamba za viatu. Nikageuza kigurudumu cha kamera, nikafungua tundu, nikapunguza kasi, mpaka sindano ikakaa chini kidogo ya katikati.

Nikarudi nyuma. Kamera ikaanza kulalamika kwamba mwanga ni mwingi mno. Niliiacha.

"Nyanya," nikasema, "inua kidevu. Nyanya Mkubwa, sogea kwa mdogo wako." Wakasogea. Wale watu wawili wazima, waliomlea mama yangu, wakasogea kwa sababu mimi nimesema. "Bado kidogo. Hapo."

"Na shingo yangu?" Nyanya Mkubwa akauliza bila kutikisa midomo. "Urefu yake inaonekana?"

Nyanya akashindwa. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akamgeukia dada yake, na dada yake akamgeukia yeye, na mimi nikabonyeza.

Walikuja wote kuchungulia, hata kijana mmoja wa mahindi. Nyuso mbili, wazi, kila mkunjo mahali pake, jino la nyanya lililopinda, kovu juu ya nyusi, ndege waliofifia kando ya ndege wapya. Na nyuma yao weupe mtupu. Hakuna maji, hakuna vilima vya ng'ambo, hakuna mtumbwi. Kama wamesimama mbele ya shuka.

Kijana alisema "Aa," akaondoka bila mzaha.

Nyanya alitazama sana. Kisha akauliza, "Ziwa iko wapi?"

Nilianza kueleza kwamba mwanga wote hauenei kwenye picha moja, kwamba ilibidi nichague. Nyanya Mkubwa akanikatiza. Hakumwangalia nyanya, aliangalia picha.

"Ziwa iko palepale," akasema. "Kesho utakuja kuitazama. Mi kesho siko."

Nyanya akamshika mkono tena. Tukaondoka.

Tulimsindikiza Nyanya Mkubwa mpaka karibu na bariyeri. Kabla hatujafika nikafunga kifuniko cha lenzi, kama tulivyofundishwa, kwa hiyo sina picha ya walivyoagana. Nakumbuka tu kwamba hawakukumbatiana kwa muda mrefu. Nyanya alimrekebishia dada yake mtandio, na dada yake akasema foleni inasogea.

Madame ndiye aliyeichapisha picha, nakala mbili, upande wa Goma, na ile ya pili aliipeleka kwa mkono wake mpaka nyumbani kwa Nyanya Mkubwa kabla ya safari. Hakuna aliyemtuma. Aliporudi darasani aliniambia tu, "Ziwa imeungua na mwanga, lakini sindano uliweka vizuri," kisha akaendelea na somo la flashi. Nilikaa kwenye kiti changu, nikashindwa hata kusema asante. Naisema hapa.

Picha mpya iko kabatini kando ya ile ya zamani. Nyanya Mkubwa akipiga simu kutoka Lubumbashi, bado wanagombania shingo, ila sasa kila mmoja ana ushahidi mkononi, na ugomvi umekuwa mrefu zaidi.

Siku dada yake alipopanda ndege, nyanya aliamka, akasali, akanywa chai, akaniambia nimsindikize ziwani. Tulitembea taratibu kwa sababu ya macho yake. Ilikuwa bado asubuhi, jua liko mgongoni kwetu, maji ya buluu, vilima vyote vinaonekana mpaka vya mbali. Nyanya akasimama penye mitende, akatia mikono ndani ya kitenge.

"Iko palepale," akasema.

Nilikuwa na kamera, Madame alikuwa ameniachia tena. Nikamuuliza, "Nyanya, nilipige ziwa?"

"Ya nini?" akasema. "Turudi nyumbani."